Barua ya wazi: Tunaishi kando ya ziwa, lakini wagonjwa wetu hawana maji ya kufanyia mazoezi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, Mganga Mkuu wa Mkoa, Mkurugenzi wa Jiji la Mwanza na Mkurugenzi wa Manispaa ya Ilemela.

YAH: OMBI LA BWAWA LA MAJI YA UVUGUVUGU KWA WAGONJWA WA VIUNGO, MGONGO NA KIHARUSI

Waheshimiwa, salaam.

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba hapa Mwanza. Asubuhi nahudumu kwenye kituo kidogo Nyakato, na mchana nawafuata majumbani wagonjwa wasioweza kupanda daladala. Ninaomba hospitali moja ya umma katika mkoa huu ijengewe bwawa dogo la maji ya uvuguvugu, lenye mteremko wa kuingilia na vyuma vya kushikilia, ambalo mgonjwa ataandikiwa kwenda kama anavyoandikiwa kwenda eksirei. Naomba msifikirie bwawa la hotelini. Fikirieni chumba cha matibabu kilichojaa maji mpaka kifuani.

Wagonjwa wangu mnawajua kwa kazi zao. Wapo akina mama waliochambua dagaa Mwaloni miaka yote wakiwa wameinama, wanaoponda kokoto milimani, makuli, walimu wastaafu, madereva wa bodaboda. Kuna magoti yaliyosagika, migongo iliyokaza, baridi yabisi ya vidole, na siku hizi kiharusi kinawapata hata wenye miaka 45. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoisha kwa dozi ya siku tano. Sehemu kubwa ya tiba yake ni mazoezi, na hapo ndipo tunaponasa, kwa sababu mazoezi yenyewe yanauma. Mwambie mama mwenye kilo 90 na magoti mabovu atembee nusu saa kila siku. Atakuitikia kwa heshima, "sawa daktari", atashuka mlima wa Mabatini mara moja, na kesho yake hainuki kitandani. Anarudi kwenye vidonge vya daiklofenaki anavyonunua dukani bila cheti, miaka nenda miaka rudi, mpaka apate vidonda vya tumbo au figo zianze kuchoka. Nikimlaumu kwa kuacha mazoezi nitakuwa namwonea.

Maji yanamtoa hapo. Mtu akisimama kwenye maji yanayofika kiunoni, miguu yake inabeba kama nusu tu ya uzito wake. Yakifika kifuani, inabaki kama robo hadi theluthi. Yakifika shingoni, ni sehemu moja ya kumi hivi. Yule mama wa kilo 90 akiingia mpaka kifuani, magoti yake yanabeba uzito wa mtoto wa darasa la tatu. Anakunja goti, anainua mguu pembeni, anatembea mbele na kinyumenyume, na anaweza kuendelea dakika 20 au 30 bila kusaga meno. Kumbuka pia kwamba maji yanakaza kadiri unavyoharakisha: ukisukuma taratibu yanakuachia, ukisukuma kwa nguvu yanakuzuia. Misuli ya paja inapata kazi bila chuma cha kunyanyua, na mgonjwa mwenyewe ndiye anayeamua ni kiasi gani. Misuli hiyo ndiyo inayolilinda goti siku ya kurudi nchi kavu.

Halafu kuna mgandamizo. Kwenye kina cha mita 1.2, maji yanabana vifundo vya miguu kwa kama milimita 88 za zebaki, yaani zaidi kidogo ya ile namba ya chini tunayoisoma kwenye kipimo cha presha cha mtu mwenye afya. Miguu iliyovimba jioni inapungua humo ndani kwa sababu maji ya mwilini yanasukumwa kurudi juu. Ni faida kwa wengi na hatari kwa wachache, kwa kuwa moyo unapokea ghafla damu nyingi kuliko ulivyozoea. Mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu haingii bwawani kabla ya daktari wake kusema neno, na ndiyo maana naomba bwawa hili liwe hospitalini, mahali ambapo faili la mgonjwa lipo.

Jambo la tatu ni joto. Mabwawa ya tiba huwekwa kati ya nyuzi 33 na 36, karibu na joto la ngozi. Hapo misuli iliyokaza inalegea na maumivu yanatulia kiasi cha mtu kukubali kujinyoosha. Chini ya hapo mgonjwa wa baridi yabisi anajikunyata tu. Juu sana, presha inashuka, na anayetumia dawa za shinikizo la damu anaweza kuzirai akitoka.

Kwa waliopata kiharusi nina sababu nyingine, nayo ni woga. Mtu aliyeanguka mara mbili bafuni haogopi kutembea, anaogopa sakafu. Ndani ya maji kuanguka kunachukua muda; anayumba, maji yanamshika, anajirekebisha. Anapata nafasi ya kukosea hatua na kuirudia. Kwenye saruji nafasi hiyo haipo.

Sasa niseme pia ambacho maji hayafanyi, kwa sababu mjini humu kuna wanaouza chumvi za "kuondoa sumu" na beseni za umeme zinazobadilisha maji kuwa kahawia mbele ya macho ya mteja. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2016 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa wataalamu wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 13 yenye watu 1,190 waliosagika magoti na nyonga. Mazoezi ya majini yaliwapunguzia maumivu, yakawaongezea uwezo wa kufanya shughuli zao, na maisha yakawa mepesi kidogo. Nafuu ilikuwa ndogo, na ilipimwa kwa muda mfupi baada ya mazoezi. Wataalamu wengine wa mtandao huohuo waliopitia mwaka 2015 tafiti za kukaa tu kwenye maji ya madini kwa wenye baridi yabisi hawakupata ushahidi wa kutosha kusema kwamba yanasaidia. Mimi nasoma hivi: mazoezi ndiyo yanayofanya kazi, maji yanayawezesha. Gegedu, yaani mfupa laini wa kwenye kiungo, likiisha halioti tena, na kisukari hakitoki kwa kuoga.

Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipooza miguu mwaka 1921. Mwaka 1924 akaenda kwenye chemchemi za maji ya uvuguvugu za Warm Springs, jimbo la Georgia, na mwaka 1927 akaanzisha hapo taasisi ya kuwahudumia waliopooza kwa polio. Yeye mwenyewe hakurudi kutembea bila msaada mpaka anakufa. Lakini alijua alichokipata majini, akahakikisha wengine wanakipata wakiwa na wataalamu pembeni. Huo ndio uaminifu ninaoutaka tuwape wagonjwa wetu. Tulipanga foleni Samunge, kwa Babu wa Loliondo, mwaka 2011 kwa kikombe kimoja cha dawa. Mwenye ugonjwa usiopona anatafuta, na asipokuta mlango wetu wazi ataingia wowote.

Najua mtakachouliza. Si tuna ziwa?

Ziwa ndilo linalonifanya niandike barua hii kwa haraka. Wagonjwa wanashauriana wenyewe: nenda asubuhi ukakae majini, miguu itafunguka. Wapo wanaokwenda, na wapo wanaopelekwa na watoto wao wakiwa wamebebwa mgongoni. Mahali pazuri pa kumkalisha mgonjwa ni pale maji yalipotulia, kina cha kiunoni, majani yamekinga mawimbi. Konokono wanaobeba kichocho nao wanapapenda hapohapo. Vijidudu vinatoka kwenye konokono, vingi mchana jua likiwa kali, na vinapenya ngozi nzima isiyo na jeraha kwa dakika chache tu. Minyoo inakaa mwilini miaka, inataga mayai, na mayai yanaharibu utumbo na ini mpaka mtu anatapika damu. Watoto wa shule wanapewa kingatiba ya kichocho. Bibi yao aliyepelekwa ziwani kutibiwa magoti hayumo kwenye orodha hiyo. Anakwenda na ugonjwa mmoja anarudi na miwili. Na hata tukiweka kichocho pembeni, maji ya ziwa ni nyuzi 24 hadi 27 hivi. Mvuvi akitoka jasho yatamburudisha. Kwa kiungo kilichokaza ni ya baridi.

Kuna jambo jingine watu wa mipango huwa hawalifikirii. Mwanza ni mji uliozika watu wa meli ya MV Bukoba iliyozama. Tangu tarehe 21 Mei 1996 zipo familia ambazo neno "maji" likitajwa watu wazima wananyamaza, na makaburi yako pale Igoma. Mwaka 2018 kikazama kivuko cha MV Nyerere kule Ukara. Nina wagonjwa waliozaliwa mita mia mbili kutoka ufukweni na hawajui kuogelea, wala hawataki kujua. Kumwambia mtu wa namna hiyo "ingia ziwani ufanye mazoezi" ni utani mbaya. Anahitaji maji anayoona sakafu yake, yasiyozidi kifua chake, chuma mkononi, na mtu mmoja ndani ya maji akimtazama usoni.

Tulishajaribu mbadala. Hoteli moja hapa mjini, kwa wema wao, walituruhusu kutumia bwawa lao asubuhi kabla ya wageni kuamka. Maji yalikuwa yamelala usiku kucha. Ngazi ya kuingilia ilikuwa ile ya chuma, iliyosimama wima, vidaraja vyembamba kama kidole gumba. Mgonjwa wangu, mama mtu mzima mwenye kiharusi cha upande wa kulia, alishika chuma kwa mkono wa kushoto, mguu wa kulia ukakataa kutafuta kidaraja. Tukawa watu wanne tunamteremsha, wawili juu wawili majini, khanga imelowa imemnata, vijana wa usafi wamesimama wanatazama. Alipofika chini alikuwa anatetemeka, kwa baridi na kwa aibu. Alifanya mazoezi dakika nane. Kisha ikabidi tumpandishe. Hoteli haikukosea chochote. Bwawa lile lilijengwa kwa ajili ya watu wanaoruka.

Kwa hiyo nimekaa na karatasi, na naomba wahandisi wenu wanisahihishe. Bwawa la mita 6 kwa 4, kina cha mita 1.2, linachukua lita 28,800. Watu watano au sita wanafanya mazoezi humo kwa wakati mmoja. Kuyapandisha maji hayo kutoka nyuzi 24 hadi 34 kunahitaji nishati ya uniti 335 hivi za umeme, na huo ni mzigo wa mara ya kwanza tu. Baada ya hapo unarudishia joto linalopotea, na sehemu kubwa ya joto inapotea kwa mvuke unaopanda juu ya maji. Turubai la kufunikia usiku linaokoa fedha nyingi. Paa la hospitali likiwekwa mitambo ya sola ya kuchemshia maji, jua la Mwanza litafanya kazi kubwa, na umeme utasaidia siku za mawingu. Maji yenyewe tunayo ya bomba, yaliyosafishwa.

Ugumu hauko kwenye ujenzi. Waheshimiwa, mabwawa yanakufa kwa pampu na kwa klorini. Maji ya uvuguvugu ambayo hayajatunzwa yanafuga bakteria haraka kuliko ya baridi, na tutakuwa tumewatoa watu kwenye kichocho tuwape vipele na homa ya mapafu. Klorini inapimwa kila siku kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia, na tena mchana. Kichujio kinasafishwa. Mwenye kidonda kibichi, homa au kuharisha anarudishwa kwa upole. Mwenye kifafa kisichodhibitiwa haingii. Kuna mtu mmoja, mwenye jina na mshahara, ambaye maji yakichafuka anaulizwa yeye. Kama fungu la pampu, klorini na mtu huyo halimo kwenye bajeti ya kila mwaka, basi msijenge. Nasema hivyo kwa uchungu, lakini nimeshaona mashine nzuri zikikatiwa utepe na mwaka wa pili zinatumika kuanikia mashuka.

Pa kulijenga mnapajua ninyi kuliko mimi. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sekou Toure, iko tambarare kiasi na inafikika kwa daladala. Bugando inapokea wagonjwa wa kanda nzima ya ziwa, lakini ipo juu ya kilima, na mtu wa magoti anakijua kilima kile. Popote mtakapochagua, naomba siku za akina mama ziwe peke yake, na pazia au ukuta uwepo kweli. Mgonjwa mwenye heshima zake, wa dini yoyote, hatavua ushungi na gauni mbele ya vijana wa kiume kwa sababu tu tumemwambia ni tiba. Taiti na fulana vinatosha majini, na mtaalamu awe mwanamke.

Kuhusu malipo, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeshapita. Vitita vya huduma vinapopangwa, mazoezi tiba ya majini yahesabiwe kama mazoezi tiba mengine, yasiwekwe kwenye fungu la anasa. Na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, ambao sera ya mwaka 2003 iliwaahidi matibabu bure, wasije wakafika dirishani wakaambiwa bwawa lina bei yake.

Najua bwawa halijengwi kwa mwezi mmoja. Wakati tunasubiri, kuna jambo ambalo Mganga Mkuu wa Mkoa anaweza kulianza kwa waraka mmoja kwenda kwenye zahanati na kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii: kuwafundisha watu kutumia maji ya moto nyumbani bila kujiumiza. Watu wetu wanakanda. Wanawakanda wazazi waliotoka kujifungua, wanakanda migongo, wanakanda miguu iliyokufa ganzi, na wengi wanaamini kwamba maji yasipounguza hayatibu. Nimeona mapaja ya mzazi yaliyobabuka. Nimeona mzee mwenye kisukari aliyeloweka mguu kwenye beseni akisikiliza taarifa ya habari. Hakuhisi chochote kwa sababu neva zilishakufa, na alipoutoa mguu ngozi ilibaki majini. Kidonda kile hakikufunga.

Mafundisho yenyewe ni mepesi. Maji yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwingine mwenye afya, yawe ya kuvumilika bila kushtuka. Dakika 15 zinatosha, na ndani ya muda huo vidole na vifundo vichezeshwe, visilale tu. Mwenye kisukari na ganzi asiloweke miguu. Kiungo kilichovimba na kinachemka, au jongo lililoamka usiku, kisiongezewe moto. Kitambaa cha maji baridi kinakifaa zaidi. Anayetumia dawa za presha asiinuke ghafla. Maji ya ziwa yakichotwa, yachemshwe kabla ya kuogea, au yakae kwenye chombo chenye mfuniko siku mbili, kwani vijidudu vya kichocho visipopata mwili vinakufa humo. Na kwa kuwa mkaa ni ghali, dumu jeusi likiachwa juani juu ya jiwe tangu asubuhi, saa tisa linakuwa limeshapata uvuguvugu wa kutosha kwa vidole vya bibi. Mawe tunayo.

Naomba majibu juu ya mambo mawili: kama ombi hili litaingizwa kwenye mapendekezo ya bajeti ya mwaka wa fedha ujao, na ni ofisi gani nipeleke michoro na makadirio ambayo wenzangu wawili, mmoja fundi bomba na mmoja mhandisi wa sola, wamejitolea kuyaandaa bila malipo. Tuko tayari kuja siku yoyote ya kazi, isipokuwa Jumatano asubuhi, ambayo ni zamu ya wagonjwa wa kiharusi.

Wenu katika kulijenga taifa,

Mtaalamu wa mazoezi tiba,
Nyakato, Mwanza